Sahani Iliyotafuta Mwenyewe

Siku tuliyogawana vitu vya marehemu mama, dada zangu walikuwa na adabu zote za duniani. Kila mmoja anamwambia mwenziwe, "Chukua wewe, miye sina haja," na huku jicho limeganda kwenye bangili. Nikasema, mimi nipeni ile sahani ya bati. Wakatazamana. Yule anayenifuata mimi, ambaye hakuyaona ya mwanzo, akacheka: "Ile iliyobanduka ukingoni? Si ya kulishia paka ile?" Nikamwambia paka wa nani, hebu koma, bila ya sahani hiyo wewe ungezaliwa Mombasa na sijui leo ungekuwa nani.

Ni sahani nyeupe, ina mawaridi mekundu katikati yaliyofifia kwa kusuguliwa. Ukiigeuza, chini yake pana doa la rangi ya buluu, kubwa kama ncha ya kidole. Niliipeleka puani. Najua bati haliwezi kuweka harufu miaka yote hiyo, lakini mimi nilisikia iliki, na nikakaa chini pale pale juu ya mkeka nikalia kilio ambacho hata siku ya maziko sikukilia.

Tulipofika Ibra, mji wa bara ya Omani, nilikuwa bado sijaota meno yote ya mbele. Baba alikuwa amepata kazi bandarini Maskati, nyumba hana, akatuweka kwanza katika nyumba ya babu yake. Unguja tuliacha mvua, mashokishoki na majirani wanaozungumza kutoka dirisha hadi dirisha. Ibra tulikuta jua, tende, na kuta za udongo ndefu zenye kimya. Sisi watoto hatukuchukua muda. Kaka yangu Nassor alipata punda wa kumfukuza, na mimi nikampata Moza, binti ya ami yetu, umri wangu, mwenye sauti ya kupasua mtungi. Yeye Kiarabu, mimi Kiswahili, na tukaelewana, maana watoto wakitaka kugombana au kucheza hawahitaji mkalimani. Wiki chache tu nikawa namfahamu karibu kila anachosema.

Mama ndiye aliyepotea. Mama yangu alikuwa mtoto wa Malindi, Malindi ya Unguja, mwanamke ambaye baraza yake haikauki watu. Alikuwa akijua nani kaposwa, nani kaachwa, na nani anafanya mchele wake mchache uonekane mwingi. Ibra akawa bubu. Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu, na kwa Kiarabu cha msahafu huwezi kuulizia chumvi. Na juu ya hayo alikuwa mja mzito, miguu imevimba, kizunguzungu asubuhi na jioni.

Kila alasiri, baada ya sala, mama alioga, akavaa kanga safi, akafukiza udi kidogo, akapika kahawa. Kisha akatia komeo mlango wa nje kama anavyofunga mwanamke yeyote mwenye heshima zake, akaketi kungoja. Kwetu mgeni ndiye anayejongelewa. Wenye mtaa wanakuja, wanasimama nje, wanapiga hodi, unawaitikia karibu, unafungua. Ndivyo dunia ilivyoumbwa, au ndivyo tulivyodhani. Udi ukawaka ukazimika, kahawa ikapoa, jua likatua, wala hodi haikuja. Kesho yake vile vile. Mimi nikaamua moyoni kwamba watu wa Ibra hawatupendi. Wakati mwingine nilihisi ni kwa sababu mama rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde na wao weupe weupe, na jambo hilo nililiweka peke yangu bila ya kumwambia mtu.

Siku moja Nassor, kwa ule upuuzi wake, akasimama nje akakaza sauti kama bibi mtu mzima: "Hodi! Hodi jamani, wenyewe mpo?" Mama aliruka. Na tumbo lile! Akakamata kanga, akajitazama kwenye kioo, akasema "Karibuni, karibuni, nakuja," sauti inamcheka. Alipofungua akamkuta Nassor ameshika tumbo kwa kucheka. Hakumpiga. Alimtazama tu, akarudi ndani, akamwaga kahawa ukutani. Tangu siku hiyo hakupika tena kahawa ya alasiri.

Siku nyingi hazikupita akalitoa sanduku la bati uvunguni. Shangazi Zuwena, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Maskati alikokuwa akisomesha, maana kila akipata likizo alikuwa akija kutuangalia. Mimi nilikuwa nimelala ubavuni mwao najifanya nimesinzia. "Baba yao akija tu namwambia," mama alisema. "Nakwenda Mombasa kwa dada yangu nikajifungulie kwa watu. Akitaka anifuate. Asipotaka, Nassor atabaki naye, miye nitakwenda na msichana." Shangazi akasema, "Usifanye hivyo, wifi yangu." Mama akajibu, "Wifi, mimi nitakufa kwa kunyamaza." Hayo maneno niliyafahamu neno kwa neno. Nikaanza kumtazama Nassor anavyokula, anavyolala na mdomo wazi, nikimwonea huruma kama mtu aliyekwisha kufa.

Na hapo ndipo ilipokuja sahani. Asubuhi moja Nassor alikuta kwenye kizingiti kitu kimefunikwa kwa kawa. Mama akafunua. Vitumbua! Vitumbua vya mchele, vya duara, vimeungua kidogo pembeni kama inavyotakiwa, katika mji ambao hatukuona mtu akila mchele ila na nyama. Mama alimega kimoja akatafuna taratibu. "Hiki si cha nazi mbichi," akasema. "Ni nazi kavu. Lakini mkono huu ni wa Unguja." Machozi yakamchuruzika na huku anatafuna, na sisi tukatumia nafasi hiyo kumaliza vilivyobaki.

Lakini sahani ya nani? Hapana aliyemwona aliyeileta. Mama Moza alipoonyeshwa alitikisa kichwa. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, na mama alikuwa tayari kuijaza hata leo, lakini uijaze uipeleke wapi? Ikakaa juu ya rafu wiki baada ya wiki, na kila mama alipopita aliitazama kama mtu anayemdai jibu.

Shangazi aliporudi tena akakuta sahani juu na sanduku chini, likiwa limeshajaa nusu. Alifikiri kidogo, akapiga makofi. Shangazi yangu alisomeshwa Unguja na mwalimu wa Kizungu, bibi mmoja mrefu ambaye kila akishikwa na hamu ya kwao aliwasimulia wasichana habari za kijiji chake huko Uingereza, nyumba za mawe na paa za majani. Siku ya sikukuu, alisema, watu wa pale hutembea kijiji kizima wakisaka hazina. Wanapewa fumbo, fumbo linawapeleka kisimani, kisimani wanapata la pili, linawapeleka kanisani, hivyo hivyo, mpaka wakifika kwenye hazina kijiji kizima wameshakijua kwa miguu. Yule mwalimu aliwachezesha wasichana mchezo huo Ng'ambo na Forodhani. "Na leo," akasema Shangazi, "tunausaka mtaa wa Ibra. Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimekuja kwenu sina miguu, nimeketi mlangoni sikukaribishwa, na nikirudi kwetu na njaa mwenyewe atanuna."

"Sahani!" tukapiga kelele.

"Basi hazina ni mwenyewe. Mtafuteni."

Mama alisema ni upuuzi, lakini akawasha moto. Alikaanga visheti, akavigaragaza katika sukari na iliki, akaijaza sahani mpaka ikawa na kilima. Nilitaka Shangazi afuatane nasi. Akasema yeye ni mwamuzi, na mwamuzi hatembei, akaketi na mama. Tukatoka watatu: Nassor na punda wa ami, Moza, na mimi nimebeba sahani kichwani nikiwa na hakika kwamba mwisho wa safari hii ipo dhahabu. Watoto wa mtaa walikuwa wamenieleza kwamba matajiri wa zamani walizika sarafu ukutani. Nikaona mwenye vitumbua hawezi kuwa ila mlinzi wa sarafu hizo, na tukizipata baba hatakuwa na haja ya bandari wala mama ya Mombasa.

Kituo cha kwanza kilikuwa falaj, ule mfereji wa maji unaopita katikati ya mitende, ambapo wanawake huosha vyombo kwa majivu na mchanga. Moza akawaeleza kwa sauti yake ile. Mmoja akainua sahani, na kabla ya kuigeuza ilibidi vile visheti avimimine kwenye upande wa shela yake, na visheti vikishamiminwa mbele ya wanawake waliochoka kwa kazi, unawaambia nini? Wakaonja. Wakaonja tena. "Lo, tamu!" Kisha wakatuonyesha lile doa. Kila nyumba hapa, wakasema, hutia alama chini ya vyombo vyake, maana kwenye arusi vyombo huchanganyika na watu hugombana. Nyingine nyekundu, nyingine mkwaruzo wa msumari. Buluu? Wakabishana. Mwisho mmoja akasema, "Buluu ni ile rangi ya madirisha ya nyumba kubwa, ile ya wafanyabiashara wa bara la Afrika." Nikaipokea sahani. Kilima kilikuwa kimeshakuwa uwanda.

Nyumba kubwa ilikuwa ng'ambo ya lango la mtaa, ghorofa mbili, mlango wa nakshi uliochongwa kwa mbao za kwetu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikasimama kama nilivyofunzwa, nikapiga hodi. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani: "Min?" yaani nani. Nikapiga hodi ya pili. "Min?" Nikapiga ya tatu. "Min? Min?" Nikamwambia Nassor, "Unaona? Hawatutaki. Hawasemi karibu." Moza akanitazama kama amemwona kichaa, akausukuma mlango kwa bega, akaingia.

"Mbona unasimama nje unapiga ukelele?" akauliza.

"Nangoja niambiwe karibu."

"Mlango si uko wazi? Mlango ukiwa wazi ndiyo umeshaambiwa."

Ndani walituketisha chini ya dari iliyopakwa maua ya rangi, nyekundu na kijani, nikaitazama mpaka shingo ikauma, natafuta ufa wa kufichia dhahabu. Wakaleta tende na kahawa. Sikujua kwamba ukitosheka unatikisa kikombe, kwa hiyo kila nilipomaliza walinitilia, na mimi kwa adabu nikanywa, mpaka moyo ukanienda mbio. Sisi nasi tukawakaribisha visheti, ungefanyaje? Bibi mwenye nyumba akamuuliza Moza jambo, kwa sauti ya chini na uso wa huruma. Moza akanigeukia. "Anauliza, nyinyi si ndio wa ile nyumba iliyofungwa? Nani amekufieni?"

Nani kafa? Hapana aliyeniambia. Nikamfikiria baba kule bandarini, vyuma vile, meli zile, nikaona wote wanajua ila mimi, na ndiyo maana mama anafunga sanduku. Nikaangua kilio nimekumbatia sahani. Ilichukua muda mpaka Moza akanifahamisha. Hapa kwao, mlango wa nje haufungwi mchana. Ukitiwa komeo, basi ama nyumba ina msiba, ama wenyewe hawataki watu. Wanawake wa mtaa walikuwa wakipita, wanauona mlango wetu umekomewa, wanaambiana masikini, ana huzuni, tusimsumbue, mpaka atakapofungua mwenyewe. Wiki zote zile! Wao nje wakingoja mama afungue, na mama ndani akingoja wapige hodi.

Nilitaka kukimbia nyumbani siku ile ile, saa ile ile. Nassor akanishika. "Kwanza sahani," akasema. "Mchezo haukatwi katikati." Yule bibi akacheka, akasema rangi ya madirisha ilipobaki waligaiwa majirani wengi, lakini kama chakula kilikuwa na nazi, tumuulize mwenye duka wa langoni, kwani Ibra nani anakula nazi?

Mwenye duka alikuwa na nazi kavu kweli, zinamjia kwa gari kutoka Sur, pwani. Alikula kisheti kabla hatujamkaribisha, kisha akasema, "Nazi hununua nyumba moja tu. Bibi wa kichochoro cha mwisho, nyuma ya mnara. Humtuma mjukuu wake. Nazi ikiwa mbovu huirudisha na matusi, tena matusi yenyewe siyafahamu." Tukafuata kichochoro. Kilikuwa chembamba hata punda akawa anasugua ukuta. Mwisho wake pana mlango mdogo, na mlango huo ulikuwa umefungwa. Katika mtaa mzima ilikuwa milango miwili tu iliyofungwa mchana, wetu na huu.

Moza akarudi nyuma. "Twendeni zetu. Huyu hataki watu, kila mtu anajua. Tangu afiwe na mumewe hafungui."

Nikautazama ule mlango. Siwezi kusema nilifikiri, mtoto yule hafikiri. Nilisimama tu, nikaweka sahani sawa, nikasema, "Hodi!"

Ndani ya ile nyumba kitu kikaanguka, kama mwiko au kata, na sauti ya kizee, kali, inayotetemeka, ikatoka ndefu: "Karibuuu! Karibu, karibu! Nani huyo? Vuta kamba, vuta kamba hiyo mwanangu, miye magoti sina!"

Palikuwa na kamba imetokeza kwenye tundu. Nassor akaivuta, komeo likaruka. Alikuwa bibi mdogo kama mtoto, kanga yake imefuliwa hata maandishi hayasomeki. Tukamwamkia. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Rudieni tena."

"Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Masikio haya yalikuwa na kiu." Kisha akaiona sahani, na uso ukageuka. "Ala! Kumbe ni nyinyi? Leo ndio mnaileta? Nilimtuma mjukuu wangu na vitumbua, nikasema, kama ni Waswahili wa kweli sahani itarudi imejaa. Nikangoja. Nikasema, basi tena, hawa wameshakuwa Wamanga wazima, wamekula na sahani yenyewe!" Akachungulia. Pale ndani ya mawaridi palikuwa na kisheti kimoja. "Kimoja?"

Nassor akasema haraka, "Lakini haikurudi tupu, Bibi."

Alikitia mdomoni, akafumba macho. Alitafuna muda mrefu kwa meno yake machache. "Iliki imezidi," akasema. "Huu mkono wa Malindi. Watu wa Malindi wana israfu." Akatuambia jina lake Bi Shamsa, kwamba alizaliwa Mkunazini ya Unguja, akaolewa akaletwa huku kabla mama yetu hajazaliwa, na kwamba tangu mumewe alipokufa hana wa kusema naye Kiswahili ila sufuria. "Na mama yenu? Mbona hakuja kuniamkia, miye mkubwa wake?"

Nikamwambia, "Anangoja watu waje wapige hodi. Ametia komeo. Na sasa anafunga sanduku, anakwenda Mombasa, na Nassor atabaki."

Nassor hakuwa anajua. Nilimwona anavyonitazama. Bi Shamsa akautazama mlango wake mwenyewe na ile kamba inayoning'inia. "Na miye nangoja hivyo hivyo," akasema polepole. Halafu akafoka, "Basi mnasimama nini? Huyo punda ni wa kuangaliwa?"

Tulimpandisha watatu, mmoja anasukuma na wawili wanavuta, na yeye juu anatulaani. Akajifunika kanga, akashika sahani tupu mapajani, tukaondoka. Sijui nani alianza. Mwenye duka aliita watu. Bibi wa nyumba kubwa akatoka, na binti zake nyuma. Wale wa falaj wakaacha masufuria. Mwanamke ambaye hawakumwona nje tangu azikwe mumewe anapita juu ya punda mchana kweupe! Tulipofika kwetu kichochoro kilijaa mashela, na Moza mbele akipiga vigelegele bila ya kuambiwa.

Mlango ulikuwa na komeo kama kawaida. Bi Shamsa, juu ya punda, akasafisha koo. "Hodi!"

Hapana jibu. Shangazi alituhadithia baadaye: mama alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Aliposikia hodi akasema, "Nassor huyo. Safari hii sifungui." Shangazi alijua si Nassor, lakini akaona hili si lake la kufungua, akauma upindo wa kanga.

"Hodi!" ya pili. Mimi nilikuwa najua, na Nassor anajua, kwamba kwetu hodi ni tatu, na ya tatu isipoitikiwa mgeni huondoka zake na hawezi kulaumiwa. Nassor alikuwa analia wazi wazi, kamasi na machozi, mkono mmoja juu ya shingo ya punda.

"Mwanangu," Bi Shamsa akasema kwa sauti ya kupenya ukuta, "hii ya tatu, na ya nne sina, maana huyu punda mifupa yake yote iko makalioni mwangu. Hodi!"

Ndani pakasikika kitu kama kucheka au kikohozi. Kisha nyayo. Mama hakukimbia safari hii, alikuja pole pole, mkono ukutani. "Karibu," alisema kabla hajafika mlangoni. "Karibu. Karibuni." Komeo likakwaruza likatoka. Akasimama kizingitini, unga wa visheti bado kwenye mikono, kichwa wazi, anatazama ule umati na yule bibi juu ya punda na sahani yake.

Bi Shamsa akamtazama kutoka juu hata chini, akalitazama na tumbo. "Masikini mwanangu," akasema. "Muda wote huu, chumvi ulikuwa unaulizia kwa nani?"

Mama akaweka uso kwenye goti la yule bibi, pale pale nje, mbele ya watu, akalia na kucheka kwa pamoja, na Bi Shamsa anampapasa kichwa anamwambia nyamaza, iliki unatia nyingi mno.

Siku ile nyumba yetu haikutosha. Lile sanduku walilikalia wageni, watatu kwa pamoja, mpaka kifuniko kikabonyea. Mdogo wetu alizaliwa Ibra, na aliyemtemea tende ya kwanza mdomoni ni Bi Shamsa. Mama aliweka jiwe kuzuia mlango wa nje usijifunge, na Bi Shamsa naye akatiwa jiwe lake. Sahani ikaanza safari. Leo inakwenda na mkate wa kumimina, kesho inarudi na tende, keshokutwa inakwenda na mandazi. Hata tulipohamia Maskati baada ya miaka, na barabara ya lami imeshafika, baba hakwenda Ibra bila ya sahani ile kwenye kiti cha nyuma, na hakurudi nayo tupu.

Bi Shamsa alikufa sahani ikiwa kwetu. Mama alikuwa anachambua mchele wa vitumbua habari ilipokuja. Akauchambua mpaka mwisho, akaurudisha kwenye gunia. Sahani akaiosha, akaiweka juu ya kabati, na sikumwona akila chakula ndani yake maisha yake yote yaliyobaki. Kila tukimuuliza alisema, "Si yangu hiyo. Ya mwenyewe."

Mwezi uliopita nilikaanga vitumbua, nikaijaza, nikamchukua mjukuu wangu Raya tukaenda Ibra. Raya ana umri wangu wa siku zile. Kiswahili chake hakizidi vidole, nacho kakiokota nyumbani kwangu, kwenye mlango wangu. Mtaa wa zamani umeanguka. Paa hazipo, dari za maua zimemwagika chini, mitende imeingia vyumbani. Kichochoro nilikijua kwa miguu. Mlango mdogo upo, umesimama peke yake na kipande cha ukuta, tundu la kamba liko wazi.

Nikajiona mtu mzima mpumbavu, na sahani mkononi. Nikasema, "Hodi." Upepo tu. Nikasema ya pili. Nilikuwa namwona mama na unga wake, na Nassor, Mungu amrehemu, na kamasi zake. Nikageuka kumtafuta Raya, sikumwona. Nikaona basi, hodi ni tatu, namaliza yangu niondoke bila ya lawama.

"Hodi!"

"Karibuuu!"

Ilitoka ndani, nyuma ya mlango, ndefu na ya furaha. Alikuwa amepita kwenye ukuta ulioanguka, yuko uani kwa Bi Shamsa, na anajua kwamba mtu akisema lile neno, huitikiwa hivi. "Karibu, Bibi! Karibu!"

Mikono yangu ilikuwa imejaa, nikausukuma mlango kwa bega, nikaingia.